Mpe Yeye Moja, Mimi Nipe Mbili

Mlango wa kwanza ambao Dympna Geraghty aliubisha katika kampeni yake ulikuwa wa nyumbani kwao, na ulifungwa puani pake.

"Mama! Si tulisema ni mazoezi tu?" alilalamika, mvua ya Mei ikimchuruzika shingoni.

"Ndiyo haya mazoezi yenyewe," Mama Nuala akamjibu kupitia tundu la barua. "Ulidhani huko nje watakufungulia kwa vigelegele? Rudia. Na ujifute miguu, mpiga kura hapendi matope."

Dympna akabisha tena. Mama yake akafungua, akamkagua kuanzia ukosi hadi viatu kama mtu asiyemfahamu kabisa, na alilifanya hilo kwa ustadi wa kuudhi.

"Habari za asubuhi, mama. Naitwa Dympna Geraghty, mgombea ubunge wa Chama cha Basi. Tunataka basi la Alhamisi lirudi hapa Cloonbrack."

"Sera nzuri, binti. Nzuri sana. Ila nyumba hii ni ya Mulqueen. Alibeba jeneza la marehemu mume wangu kwenye mvua mpaka soli za viatu vyake zikaachia. Huyo ndiye namba moja wangu hadi siku nami nitakayobebwa."

Mgombea mwenye meno hapo angebishana. Lakini Dympna alilelewa na mwanamke huyuhuyu, na katika malezi yale kumbishia mtu kwenye mlango wake ni sawa na kumkanyagia paka.

"Basi usijisumbue, mama," akasema kwa upole. "Mpe yeye moja, mimi nipe mbili."

"Hiyo naiweza," alisema Mama Nuala, akafunga mlango.

Barabarani honi ikalia, ndefu, isiyokoma. Malachy, mume wa dada yake Dympna na meneja wa kampeni, alikuwa ameangusha paji la uso kwenye usukani. Mlangoni asingeweza kuja. Tangu siku aliyorudisha gari nyuma na kumlaza bata bukini wa Mama Nuala, alipigwa marufuku kukanyaga ua ule, na mama mwenyewe aliapa kwamba hatapanda gari la muuaji hata akiwa maiti.

"Shemeji," Malachy alisema Dympna alipoingia garini, "hivi wewe unagombea ubunge au unagombea kusifiwa adabu?"

"Nimeomba mbili. Mbili ni kura."

"Mbili ni salamu!"

Alikuwa na haki ya kupandwa na mori. Kura za kwetu Ayalandi unazipanga kama wachumba: moja kwa unayempenda kuliko wote, mbili kwa yule utakayemkubali wa kwanza akishindikana, tatu kwa anayefuata, hivyohivyo mpaka uchoke, na jimbo moja hutoa wabunge kadhaa. Anayeburuta mkia anatolewa, na karatasi zake zinahamia kwa aliyefuata juu ya kila karatasi. Kwa hiyo mbili ni kitu kizuri. Shida ni kwamba ukiwa na mbili tupu bila moja, unatolewa mapema, na zile mbili zako zinabaki zimelala kwenye marundo ya watu wengine kama soksi iliyopotea mwenzake.

Na Dympna alilitaka lile basi kweli, si la kutania. Lilikuwa kuukuu, linanuka mbwa aliyelowa, lakini kila Alhamisi lilimchukua mama yake hadi mjini Ballyhannon, kwenye ukumbi wa parokia, akacheza bingo na shoga yake Philomena, wakanywa chai na mkate mtamu wa zabibu, wakawasengenya watu wa pande zote mbili za mlima. Kisha njia ile ikasimamishwa "ili ipitiwe upya", maneno ambayo kwetu husomwa juu ya kitu kabla ya kukifukia. Sasa mabibi wale walipigiana simu na kupayuka, kwa kuwa wote wawili masikio yalishaanza kuaga. Ikaja simu moja iliyomaliza mchezo: Philomena amepata mwenzake mwingine wa bingo, anaitwa Bernadette, na Bernadette anakaa kwenye kiti cha Nuala.

Tangu siku hiyo Mama Nuala hakupaka tena rangi yake ya mdomo ya Alhamisi. Dympna, mwenye saluni ya nywele kwenye chumba cha mbele na mwenye kujua uso wa mwanamke unavyosema mdomo ukinyamaza, aliligundua hilo siku ileile.

Kumwendesha mwenyewe asingeweza. Mtihani wa udereva ulimshinda mara nyingi kiasi kwamba mtahini, kila akiliona jina lake, aliomba likizo. Ndipo kikazaliwa Chama cha Basi. Wanachama watatu: Dympna mwenyekiti, Malachy katibu, na Mama Nuala mweka hazina, ambaye chama alikipenda ila kura hakukipa.

Wakazunguka bonde lote. Kila mlango ulifunguka, maana hakuna kichwa cha mwanamke pale ambacho Dympna hakuwahi kukikata nywele, na kila mlango ulikuwa na jeneza lake. Kwa akina Hession, Mulqueen alibeba la babu. Kwa akina Toolan, alikaa na mjane hadi chai ikaisha nyumba nzima. Mheshimiwa Fergal Mulqueen wa chama kikubwa hakuwahi kuleta barabara wala basi, lakini msibani alifika kabla ya kasisi.

"Dympna mpenzi, unajua tena," walimwambia, wakiona haya.

"Najua, wala msijali. Mpeni yeye moja, mimi nipeni mbili."

Nyuso zikanawiri. Wakamsindikiza hadi getini, wakampa mayai. Malachy akaendesha gari akiwa amezungukwa na trei za mayai na hasira.

"Tuna mayai ya kufungulia hoteli," alisema. "Moja hatuna. Hata moja."

Na mabango nayo yalikuwa na visa vyake. Picha waliikata kutoka ya harusi ya binamu yao, kwa sababu ndiyo pekee ambayo Dympna hakufumba macho. Aliyeikata ni Malachy, kwa mkasi wa kunyolea kondoo, na bahati mbaya akaliacha sikio la mtu aliyesimama kando. Basi kwenye kila nguzo ya umeme kutoka Cloonbrack hadi Ballyhannon akawa anatabasamu Dympna Geraghty, begani pake limeota sikio pana lenye wekundu, kama jani la kabichi lililopigwa na baridi.

"Sikio la nani hilo?" watu waliuliza.

"La mgeni wa harusi," alijibu Dympna.

"Hilo sikio nalijua," alisema mzee Toolan akikuna kidevu. "Nimelitazama kwa nyuma kwenye misiba mingi mno."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Kwetu mtu akishaelewa jambo analiweka moyoni, anaenda nalo kwenye chumba cha kura.

Kura zilihesabiwa Ballyhannon, ndani ya ukumbi wa mpira wa kikapu, asubuhi iliyofuata siku ya kupiga. Wahesabuji walikaa kwenye meza ndefu, wakakunjua karatasi moja moja. Na sisi wengine, kama ilivyo desturi, tukajazana kwenye uzio wa mbao, penseli mikononi, kuchungulia kila karatasi inavyofunguka ili tujue matokeo kabla ya wenye kuyatangaza. Malachy aliinama juu ya uzio ule mpaka ukaonekana mkanda wake na zaidi ya mkanda.

"Shemeji, unaona nini?" Dympna alinong'ona nyuma yake.

"Mbili."

"Na hiyo nyingine?"

"Mbili. Mbili. Ile pale, mbili. Sanduku zima la Cloonbrack, mbili!" Malachy akageuka, uso umemparama. "Hongera. Watu hawajawahi kutii amri hivi tangu Musa ashuke na mawe."

Raundi ya kwanza ilipotangazwa, Mheshimiwa Mulqueen alikuwa na rundo la kuezekea nyumba. Wa pili wa chama chake, Gearóid Considine, kijana wa mjini mwenye suti iliyombana na ahadi zilizompwaya, alikuwa nyuma sana lakini hana wasiwasi. Chini kabisa, huko ambako hata macho hayafiki bila ngazi, walikuwa wawili: Dympna wa Chama cha Basi, na mkia wake, Cuimín Raftery wa Chama cha Saa Moja.

Raftery alitaka serikali iache kusogeza saa mbele kila majira ya kuchipua. Yeye binafsi alishagoma kusogeza yake, kwa hiyo kiangazi kizima alichelewa kila mahali kwa saa moja, pamoja na mikutano yake mwenyewe. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia ukumbini.

"Wameanza?" aliuliza.

"Karibu tumalize, kaka," alisema Dympna. "Tunashika mkia, mimi na wewe."

"Aa. Angalau tuko pamoja," akasema Raftery, akatoa chupa yake ya chai na kummiminia.

Considine akapita na kipande cha mkate na nyama mkononi. "Pole, mama wa basi. Naona limekupita kituoni."

"Kusubiri nimezoea," alijibu Dympna, lakini sauti ilimponyoka kidogo. Hakuwa akifikiria ubunge. Alikuwa akifikiria atakavyoingia jikoni, mama yake amekaa kando ya redio, Alhamisi nyingine bila rangi mdomoni. Akachukua koti lake.

"Vua," alisema Malachy.

"Tumeshindwa, shemeji. Twende nyumbani kabla hawajanitoa hadharani."

"Vua koti, nakwambia!" Malachy alikuwa akilikodolea macho rundo la Mulqueen kama mtu aliyemwona bata bukini akifufuka. "Mulqueen amepita kiwango cha kushinda. Amepita na kupitiliza. Shemeji, zile za ziada hazitupwi. Kabla hawajamtoa mtu, zile zinahama kwanza."

"Zinahamia wapi?"

"Kwa mbili!" Akamshika mabega. "Kwa mbili, mwanamke! Kwa mbili zako za mayai!"

Msimamizi wa uchaguzi akapanda jukwaani, akakohoa mbele ya kipaza sauti, akasoma raundi ya pili kwa sauti ya mtu anayesoma bei za mbolea. Alipofika kwa Geraghty, Dympna, wa Chama cha Basi, akasimama. Akaishusha miwani. Akarudia kusoma kimoyomoyo, midomo ikicheza, kisha akalitamka lile fungu la kura, na ukumbi ukatulia hadi ukasikika mkate wa Considine ukidondoka.

Dympna alitoka mkiani, akaruka vichwa vya watu wazima wenye vyama vya kueleweka, akatua kando ya Considine.

"Mheshimiwa!" Considine akamwendea Mulqueen mbiombio. "Mbili zako zilikuwa zangu! Tuliandika kwenye vipeperushi! Moja wewe, mbili mimi!"

"Tuliandika," alikubali Mulqueen. Alikuwa mzee mkubwa, mweupe kichwani, na lile sikio lake la kushoto lilikuwa linazidi kuwa jekundu.

"Halafu wewe unaenda kupiga picha naye! Bonde zima linasema uko nyuma yake! Umeacha sikio lako kwenye bango la mpinzani!"

Mulqueen akalitazama bango la Dympna lililobandikwa ukutani. Akajigusa sikio.

"Ni langu," alisema. "Ile ilikuwa harusi nzuri sana."

"Mheshimiwa!"

"Gearóid, mwanangu, nilikuomba uende misibani. Nilikuomba kwa maneno haya haya. Wewe ukawa unatuma kadi."

Kuanzia hapo mambo yakawa ya kuchekesha hata kwa wanaolia. Kila aliyetolewa, karatasi zake zilikutwa na jina la Dympna mahali fulani karibu na juu. Wakulima walimpa mbili, wachimba mboji ya kuwashia moto walimpa mbili, hata jamaa aliyetaka tujitenge na dunia nzima, wafuasi wake walimpa mbili, kwa sababu dunia ni kitu kimoja na basi ni kitu kingine. Hakukuwa na mtu aliyempenda kuliko wote. Ila jimbo zima halikuwa na mtu waliyemchukia kidogo kuliko yeye.

Raftery alipotolewa, alisimama akampa mkono. "Nenda nazo zangu, dada. Mimi nilichelewa tu."

Ikabaki nafasi moja, na watu wawili: Considine na Dympna. Considine alidai zihesabiwe upya. Zikahesabiwa. Dympna akaongezeka.

Kwetu mshindi hatoki kwa miguu yake. Malachy akaingia upande mmoja, Raftery upande wa pili, wakamnyanyua mabegani, uti wa mgongo wa Malachy ukatoa sauti kama kiti cha kanisa, na ukumbi ukapiga kelele: hotuba! Dympna akawaangalia watu wote wale kutoka juu. Hotuba hakuwa nayo. Aliyokuwa nayo ni ya kushindwa, na ilikuwa ndani ya koti, na koti alilikalia Mulqueen.

"Asanteni sana," alisema. "Nyote mmenifanyia wema. Sasa, kuna yeyote anayeelekea Cloonbrack? Shemeji nadhani kavunjika."

Walicheka mpaka msimamizi akavua miwani kuipangusa. Walidhani ni siasa.

Alipiga simu nyumbani akiwa kando ya sanduku la mipira.

"Mama! Nimeshinda!"

"Nimesikia redioni, usipige makelele. Na Mulqueen?"

"Wa kwanza kabisa."

"Ahsante Mungu," alisema Mama Nuala, akapumua. "Nilikuwa na wasiwasi."

Sasa, ubunge ni jambo moja, basi ni jingine, na wapo wabunge waliozeeka wakiahidi basi. Lakini chama kikubwa, nchi nzima, kilikuwa kimepungukiwa viti vya kuunda serikali, kimepungukiwa kidogo sana, kiasi cha mtu mmoja mwenye saluni. Ndipo siku moja gari jeusi likaingia Cloonbrack, na Mheshimiwa Mulqueen akainama kupita kwenye mlango wa jikoni, kofia mkononi.

Mama Nuala alitoa vikombe vya msiba, vile vyenye ukingo wa dhahabu.

"Dympna," alisema Mulqueen baada ya kumsifia Mama Nuala mkate wake na kuulizia kila maiti wa bonde, "wenzangu wa Dublin wamenituma. Tunahitaji mkono wako. Kuna uenyekiti wa kamati moja. Kuna ofisi nzuri yenye dirisha la mtoni."

"Nataka basi la Alhamisi, Mheshimiwa."

"Basi ni suala gumu. Linapitiwa upya. Njia ile haina abiria wa kutosha, wataalamu wanasema..." Akaweka mkono moyoni. "Nakuahidi nitalifuatilia mimi binafsi."

Na hapo, mbele ya uso ule mkubwa wenye huzuni iliyopigwa pasi, malezi yakamrudia Dympna mzima mzima. Mgeni yuko jikoni kwako, anakunywa chai yako, ameahidi. Utamkataliaje? Mdomo wake ukaanza kufunguka wenyewe, na neno lililokuwa njiani lilikuwa "usijisumbue".

"Fergal," alisema Mama Nuala.

Hakuna aliyemwita hivyo. Mulqueen akaweka kikombe chini.

"Ulimbeba mume wangu. Nami nimekubeba wewe. Kila uchaguzi nimekubeba, kwa miguu kwa mvua, kabla ya basi na baada ya basi. Sijawahi kukuomba kitu. Kweli si kweli?"

"Kweli, Nuala."

"Nakuomba leo. Kuna mwanamke anaitwa Bernadette, na amekalia kiti changu."

Katika miaka yake yote ya siasa Mulqueen alishaombwa hospitali, daraja na msamaha wa kodi. Kwa kiti cha bingo hakuwahi kuandaliwa jibu. Sikio likamwiva. Akamgeukia Dympna, labda atapata huruma huko.

Dympna akameza lile neno lake, likashuka kwa shida kama kipande cha mkate mkavu. "Kwa maandishi, Mheshimiwa," alisema. "Na tarehe. Nikiliona basi linakata kona ya kanisa, ndipo wenzako wa Dublin watauona mkono wangu. Ongeza chai?"

Basi lilirudi Alhamisi moja ya Julai. Lilikuwa lilelile, mbwa wake alikuwa bado hajakauka. Bonde lote lilijitokeza kulipokea, isipokuwa Cuimín Raftery, ambaye alikwenda kulipanda kwa saa yake mwenyewe na kulikosa. Malachy alipunga mkono kutoka ng'ambo ya barabara, umbali alioruhusiwa, mkono wa pili kiunoni.

Mama Nuala alipanda wa kwanza. Alikuwa amepaka rangi ya mdomo, nyekundu, nyingi, imevuka mpaka kidogo upande mmoja, na mkoba ameukumbatia kifuani kama askari aendaye kukomboa mji.

"Utamwambia nini Bernadette?" aliuliza Dympna, akikaa kando yake.

"Nitamwambia 'habari za asubuhi'. Nitasimama hapo mpaka aelewe."

Basi likakata kona ya kanisa. Dympna akatazama nje, akaliona bango lake la mwisho, limelegea kwenye nguzo, mvua imeufuta uso wake wote, limebaki sikio tu.

"Mama."

"Mm."

"Uchaguzi ujao. Utanipa moja?"

Mama Nuala akalitafakari swali lile kwa haki, kama inavyompasa mpiga kura, mpaka basi likapita lango la akina Toolan na lango la akina Hession.

"Mulqueen bado yuko hai," alisema mwishowe, akampigapiga goti. "Lakini mbili ni yako, mwanangu. Hiyo usiwe na wasiwasi nayo hata kidogo."